Barua kwa mdogo wetu anayeondoka Lubumbashi kwenda misheni Abidjan

Mdogo wetu,

Barua ya wito ya kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, imeshafika: miezi 24 ya umisionari, Abidjan, Côte d'Ivoire, kwa Kifaransa. Sisi tuliotumikia tukarudi tunakuandikia yale ambayo hayamo katika orodha ya vitu uliyotumiwa. Habari za imani utaambiwa na askofu na rais wa kigingi, yaani kiongozi wa makusanyiko kadhaa ya eneo. Hapa tunazungumza miguu, mwenza (yule mmisionari utakayepangwa naye wawili wawili) na daftari, kwa sababu hayo ndiyo tunayoulizana kila tunapokutana.

Anza na viatu. Nunua jozi mbili za ngozi zenye soli iliyoshonwa. Huku Juni ni baridi na vumbi kavu; Abidjan Juni ndiyo kilele cha mvua, na soli ya gundi ikilowa asubuhi kisha ikakanyaga lami ya moto mchana, huachia. Vipime jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, si asubuhi. Halafu vivae wiki tatu kabla ya safari, kutoka mtaa wa Katuba mpaka Kamalondo na kurudi, malengelenge yatoke ukiwa bado kwenu. Ukifika huko, jozi ya leo ipumzike kesho, ikiwa imejazwa magazeti ndani. Kiatu kisichopata siku ya kukauka huleta fangasi katikati ya vidole, na mmisionari mwenye vidole vilivyochanika hafiki mlango wa kumi.

Mashati meupe manane yanatosha. Kola ipake sabuni ya kipande kabla ya kuloweka, na javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, usiiguse: kitambaa chenye poliesta hugeuka njano, wala weupe haurudi. Chanjo ya homa ya manjano uipate angalau siku 10 kabla ya ndege, na kadi yake ikae pamoja na pasipoti, si ndani ya valizi.

Kifaransa chetu kitakuangusha sokoni. Sisi kwa 70 na 90 tunasema septante na nonante. Kule ni soixante-dix na quatre-vingt-dix. Fanya mazoezi ya kuandika namba za simu unazosomewa haraka, kwa sababu anayesikia soixante (sitini) huandika 6 kabla hajangoja neno linalofuata, na familia iliyotaka kufundishwa inapotea kwa tarakimu moja. Jambo la pili: kwenye nyumba nyingi, hasa za watu wa kabila la Wabaule na jamaa zao, mgeni huketishwa, hupewa maji, ndipo huulizwa habari za alikotoka. Jibu kwa utulivu, eleza mmetoka wapi na mmekuja kwa nini. Ukifungua maandiko kabla ya hapo, mwenye nyumba atakusikiliza kwa adabu tu.

Sasa mwenza. Utalala naye chumba kimoja, utakula naye, utatembea naye. Peke yako utakuwa bafuni tu. Uhamisho, yaani kubadilishiwa mwenza au eneo, hupangwa kila wiki sita, kwa hiyo katika miezi 24 kuna vipindi kama 17. Viwili vya mwanzo ni vya mkufunzi wako, mwenza wa kwanza anayekufundisha kazi. Ugomvi mkubwa kati ya wenza hauanzi na mafundisho. Unaanza na sufuria ya bukari (ugali) iliyoachwa imekauka, au na mmoja anayemaliza sentensi za mwenzake mbele ya watu. Kila wiki, mwisho wa kupanga kazi, mna nafasi ya kutathmini uhusiano wenu. Msiiruke hata wiki mkiwa na amani. Sema kitendo na siku yake: “Jumanne ulimkatiza yule mama akieleza msiba wake.” Usiseme: “Wewe unapenda kujionyesha.” Kosa la kawaida ni kunyamaza wiki tano ukingoja uhamisho ukutenganishe naye. Uhamisho unakuja kweli, ila ukimya wako unapanda gari pamoja nawe kwenda kwa mwenza mwingine.

Akikupiga au akikutukana, mpigie rais wa misheni siku ileile. Huko si kumsaliti. Na usingizi ukikukimbia usiku baada ya usiku, au chakula kikikushinda, sema mapema pia. Kuna watu waliowekwa kwa ajili hiyo. Anayerudi nyumbani kwa ugonjwa kabla ya miezi 24 ametumikia, na tunaomba jamaa zetu wa Lubumbashi waache kumuuliza barazani kwa nini amewahi.

Pesa ya mwezi igawe mara tano, si mara nne. Wiki nne ni siku 28 tu, na zile siku mbili au tatu za mwisho ndizo watu hulala na mkate na maji. Mchele na mafuta nunua siku ya kwanza.

Tangu Februari 2019 mnaruhusiwa kuongea na nyumbani kila wiki, siku ya maandalizi, ile siku ya kufua na kununua vitu. Abidjan iko nyuma yetu kwa saa mbili: saa kumi yako ni saa kumi na mbili ya mama. Chagueni saa moja msiibadilishe, naye achaji simu mapema kabla umeme haujakatika.

Daftari ndilo wengi wetu tunalolijutia. Tuliandika majina na namba za simu, basi. Tarehe 31 Januari 2021 namba za kule zilitoka tarakimu 8 zikawa 10, na za zamani hazipiti mpaka ujue tarakimu mbili za kuongeza mbele. Wewe andika jina kamili, mtaa, tawi au kata ya kanisa (kusanyiko dogo au kubwa), tarehe ya ubatizo, na jina la mtoto mmoja wa nyumba hiyo. Andika usiku uleule, kabla taa hazijazimwa saa nne na nusu. Nunua madaftari mawili ya jalada gumu, na kalamu ambayo wino wake hautawanyiki ukilowa. La pili lijaze kwa Kiswahili, mama aweze kulisoma.

Sisi, wakubwa zako