Kabla ya Kuagiza Kabati Jipya: Kupata Nafasi katika Chumba na Sebule

Wateja wengi wanaofika katika karakana yetu hapa Dar es Salaam huja na ombi linalofanana: wanataka kabati kubwa kuliko walilonalo, kwa sababu nguo za watoto, mabegi ya shule, vyombo vya wageni na godoro la akiba vimejaa hadi njia ya kupita imekuwa finyu. Tunatengeneza makabati na tunafurahi kuyauza, lakini tunaona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba kwa familia inayoishi katika chumba na sebule, kabati jipya mara nyingi huzidisha tatizo lililomleta mteja, kwani linakula sakafu, na sakafu ndiyo iliyokwisha. Nafasi iliyobaki ipo ukutani na chini ya kitanda, na sehemu kubwa ya kazi ya kuipata inaweza kufanywa na wanafamilia wenyewe kwa futi kamba, msumeno, bisibisi na drili ya kuazima.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100, na kitanda cha futi 5 kwa 6 peke yake kinachukua 30. Ukiongeza kabati la futi 4 kwa 2, ukaacha nafasi ya mlango kufunguka na njia ya kufika dirishani, kinachobaki hakitoshi hata kutandika mkeka. Kuta nne za chumba hicho hicho, zikiwa na kimo cha futi 9, zina futi za mraba 360 kabla ya kutoa mlango na dirisha, na katika nyumba nyingi tunazoitwa kupima, kuta hizo hazibebi chochote zaidi ya kalenda na saa.

Mafundi wa zamani wa pwani walilielewa jambo hili vizuri sana. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, upana wa chumba ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, kwa kawaida visivyofikia mita 3 kwa upana. Kwa kuwa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa nene, mafundi walichonga vidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ndani yake, safu juu ya safu, na humo vikakaa vyombo vya kaure, vitabu na taa bila kupunguza hata inchi moja ya sakafu. Ukuta wa leo wa tofali la saruji la inchi 5 au 6 hauwezi kuchongwa namna hiyo bila kudhoofishwa, lakini rafu nyembamba iliyofungwa juu yake inatimiza kazi hiyo hiyo.

Kabla ya kununua ubao wowote, pimeni. Chukueni daftari la miraba la hisabati, mpange kila mraba mmoja uwe sentimita 10 za chumba, kisha mchore ukuta mmoja mmoja ukiwa na mlango, dirisha, soketi, swichi, pangaboi na samani zilizopo. Mchoro huo utawaonyesha mambo ambayo macho yamekwisha kuyazoea: kwamba juu ya kabati kuna karibu mita nzima iliyo tupu, kwamba nyuma ya mlango kuna ukuta usiotumika, na kwamba kati ya kitanda na dirisha kuna sentimita 35 ambazo hazimtoshi mtu kupita lakini zinatosha rafu ya vitabu kutoka sakafuni hadi juu. Sisi wenyewe hatukubali kukata mbao kabla ya kuona mchoro wa aina hiyo.

Rafu ya ukutani ndiyo kazi ya kwanza tunayoipendekeza, na ndiyo inayoharibika zaidi kwa kufanywa haraka. Watu huulaumu ubao rafu inapoanguka, ilhali mara nyingi kilichoshindwa ni mshiko wake ukutani. Msumari wa zege uliopigwa kwa nyundo huipasua lipu, na lipu si kitu cha kubebea mzigo. Unene wake huwa takriban sentimita 1.5 hadi 2, na nguvu halisi ipo kwenye tofali lililo nyuma yake. Toboeni kwa drili yenye ncha ya milimita 8 hadi kuingia ndani ya tofali sentimita 5 au zaidi, ondoeni vumbi lote ndani ya tundu, ingizeni plagi ya plastiki inayokaza, kisha fungeni skrubu ya milimita 5 yenye urefu wa kupita lipu na kufika mwisho wa plagi. Plagi hufanya kazi kwa kutanuka skrubu inapoingia, kwa hiyo tundu lililopanuka kwa sababu mkono ulitetemeka halifai. Sogeeni pembeni mtoboe jingine. Breketi ya chuma ikiwa na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, mrefu uwe ukutani, kwa sababu uzito wa mbele ya rafu huivuta skrubu ya juu, na kadiri mkono wa ukutani unavyokuwa mrefu ndivyo mvuto huo unavyopungua.

Msitoboe kamwe mahali palipo moja kwa moja juu, chini au ubavuni mwa soketi au swichi, kwani nyaya zilizofukiwa ukutani kwa kawaida hupita huko. Zimeni swichi kuu kabla ya kutoboa karibu na eneo lolote mnalolitilia shaka, na mtumie drili ya betri. Katika nyumba za zamani za miti na udongo zilizopigwa lipu juu, plagi haishiki. Huko tunashauri rafu inayosimama kwa miguu yake.

Jambo la pili kwenye rafu ni urefu wake. Vitabu na madaftari ya shule yaliyosimamishwa katika mita moja ya rafu yanaweza kufikisha kilo 25 au kupita. Ubao uliojazwa mzigo mwanzo hadi mwisho, ukiuongezea umbali kati ya breketi mara mbili, haupindi mara mbili zaidi. Unapinda mara 16. Unene nao huokoa kwa nguvu kubwa, kwa kuwa ubao wenye unene maradufu hupinda mara 8 pungufu. Kwa plaiwudi ya milimita 18 tunaweka breketi kila baada ya sentimita 70 hadi 80, na kwa chipubodi (ubao wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ya unene huo hatuvuki 60. Mteja akitaka rafu ndefu isiyoonekana breketi katikati, tunabandika na kufunga kwa skrubu ubao wa kusimama wenye kimo cha sentimita 4 chini ya ukingo wa mbele, na ubao huo mdogo huinyoosha rafu kuliko watu wanavyotarajia. Upana wa sentimita 25 unatosha vitabu na nguo zilizokunjwa. Rafu pana zaidi hupokea vitu safu mbili, na safu ya nyuma husahaulika.

Chini ya kitanda cha futi 5 kwa 6 chenye uwazi wa sentimita 30 kuna zaidi ya robo tatu ya mita moja ya ujazo, nayo kwa kawaida huwa na viatu, vumbi na sanduku moja lisilofikika. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 12, yenye ukubwa wa kawaida wa futi 8 kwa 4, inatoa makasha mawili ya magurudumu yanayoingia ubavu mmoja wa kitanda. Kateni ukanda wa sentimita 70 kwa urefu wote wa karatasi, mtoe humo vitako viwili vya sentimita 85 kwa 70. Kipande kinachobaki, karibu sentimita 74, msikitupe. Kateni tena kanda mbili za sentimita 20, na kila ukanda utatoa mbavu mbili za sentimita 85 na moja fupi ya sentimita 67.6. Mbavu fupi mbili zinazopungua hutoka kwenye kile kipande mlichokihifadhi. Gundi ya mbao pamoja na skrubu kila baada ya sentimita 15 zinatosha kuunganisha, na magurudumu ya sentimita 5 yakifungwa chini ya kitako kwenye pembe zake, kimo chote kinakuwa kama sentimita 26. Ukanda mwembamba wa takriban sentimita 12 unaobaki ni ubao tayari wa kufungia kulabu nyuma ya mlango kwa mabegi ya shule. Funikeni kila kasha kwa kitambaa kizito, kwani vumbi la chini ya kitanda haliepukiki.

Wazazi wenye watoto wawili au watatu hutuuliza kuhusu vitanda vya dabo deka, na hapa tunasimama imara kuliko mahali pengine popote. Kama chumba kina pangaboi, kitanda cha juu hakipaswi kuwa mahali ambapo mtoto akikaa au kunyoosha mkono anaweza kuyafikia mabawa yake, na kama haiwezekani kukisogeza kitanda, pangaboi liondolewe na kuwekwa feni ya ukutani au ya kusimama. Kinga ya pembeni ipande angalau inchi 5 juu ya godoro lililokwisha kuwekwa, si juu ya chaga. Mteja anayenunua godoro nene baadaye huizika kinga hiyo bila kujua, ndiyo maana tunauliza unene wa godoro kabla ya kuanza kazi. Mtoto aliye chini ya miaka 6 alale chini. Tunaacha pia nguzo nne ndefu za kufungia chandarua, kwa sababu chandarua kilichofungwa kwenye msumari wa dari hakikifuniki kitanda cha chini.

Kabati la droo refu na jembamba huokoa sakafu, lakini linaweza kumwangukia mtoto anayepanda droo zilizofunguliwa kana kwamba ni ngazi. Juni 2016 kampuni ya samani ya IKEA ilitangaza nchini Marekani kuyarejesha kutoka kwa wanunuzi makabati ya droo yapatayo milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo. Kila kabati la droo linalotoka kwetu huambatana na vipande viwili vya chuma vya kulifunga ukutani, na tunamsihi mteja avifunge siku hiyo hiyo.

Hali ya hewa ya pwani ina masharti yake. Acheni sentimita 3 kati ya mgongo wa kabati na ukuta ili hewa ipite, la sivyo koga huanza kwenye nguo za nyuma wakati wa masika. Chipubodi na MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa) huvimba zikinywa maji, na katika nyumba zinazodekiwa kila siku kitako cha kabati huoza mapema. Miguu ya sentimita 10 ya mbao ngumu huliepusha. Mbao za paini, ambazo nyingi hutoka Mafinga na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini, ni nafuu na rahisi kufanyia kazi, ila zinunuliwe zikiwa zimekauka, maana mbao mbichi hupinda zikiwa zimekwisha kufungwa. Zile zilizotiwa dawa ya mchwa na kuwa na rangi ya kijani kwa kawaida huwa na arseniki. Msizitumie kwa rafu za vyakula, na vipande vyake visichomwe jikoni kama kuni hata kidogo.

Ombi tunalolikataa mara kwa mara ni la kugawa chumba kwa ukuta wa plaiwudi hadi darini. Ukuta huo hutoa vyumba viwili kwenye mchoro, lakini kimoja hubaki bila dirisha, na joto la Januari humo halivumiliki. Pazia zito kwenye bomba la chuma hutenganisha usiku na kukunjwa asubuhi. Kwa mtoto wa shule, meza ya kukunja iliyofungwa ukutani kwa bawaba, kwa kimo cha sentimita 72 hivi, inatosha.

Wapangaji waombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa, ikiwezekana kwa maandishi, na wakubaliane nani ataziba matundu wakati wa kuhama. Asiporuhusu, makasha ya chini ya kitanda na rafu za kusimama hazihitaji hata tundu moja, nazo huhama pamoja na familia.

Kwa wanaotaka kuunganisha wenyewe, tunakata mbao kwa vipimo vyenu kwenye msumeno wa meza na kuandika namba kwenye kila kipande. Leteni mchoro wa miraba, vipimo kwa sentimita, unene wa godoro ikiwa ni kazi ya kitanda, na picha ya ukuta inayoonyesha soketi zote. Kumbukeni kwamba msumeno hula takriban milimita 3 katika kila mkato. Sisi huzijumlisha kabla ya kuwauzia karatasi, na mara nyingine mteja aliyedhani anahitaji mbili huondoka na moja.