Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2025

Wanachama wenzangu,

Nawasalimu nyote, na zaidi familia ambazo zilifiwa na mpendwa wao kwa kujitoa uhai na bado zimekuja kuketi nasi leo. Poleni sana. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitagusa kazi yetu ya kuwafuatilia walionusurika kujiua, pamoja na nauli na kredo ya simu inayohitajika.

Nianze na habari njema. Januari 9 mwaka huu Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo aliyenusurika angeweza kufungwa hadi miaka 2. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kumkimbiza kijana wa jirani hospitalini usiku. Kwenye dirisha la mapokezi, swali la kwanza aliloulizwa mama yake lilikuwa kama ameshapiga ripoti polisi. Yule mama aligeuka akataka tumbebe mwanawe turudi nyumbani. Sijausahau uso wake. Hukumu imetoka, ila woga bado upo: mwezi wa Agosti mzazi alinipigia simu akiniuliza kwa kunong'ona kama mtoto wake atakamatwa. Nawaomba tuitangaze hukumu hii kanisani, msikitini, kwenye chama na stejini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu watatu kati ya kila wanne ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Madaktari wa akili tulio nao ni wachache. Tukiwangoja waongezeke, tutazika wengi.

Ndiyo maana mwaka huu tumeshikilia jambo moja: kurudi kwa aliyenusurika kumjulia hali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua, katika Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara 9 ndani ya miezi 18. Kwa waliohudumiwa kawaida, 18 walijiua. Kwa waliofuatiliwa, 2. Wafuatiliaji wale walikuwa watu wa afya, na sisi hatuchukui kazi yao. Aliye hatarini tunampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo na hatumwachi peke yake njiani. Lakini akisharudi mtaani, ni nani atakayemwulizia?

Tulinunua daftari la kurasa 200, tukaligawa safu kwa kalamu nyekundu: herufi ya jina, tarehe ya kwanza, kisha vyumba 9 vya kurudi. Kijana mmoja wa bodaboda ameniruhusu nimtaje bila jina. Pikipiki yake ilichukuliwa kwa sababu ya mkopo, na mawazo yakamzidi. Ziara za mwanzo alilia. Ziara ya sita hakutaka kabisa kuzungumzia mambo hayo. Alikuwa ameazimwa pikipiki na mnyororo umekatika, basi mhudumu wetu aliyekuwa akimtembelea akamshikia tochi hadi saa tatu usiku. Daftarini aliandika: "Nimeshika tochi." Nilipoisoma nilifurahi kuliko nilivyofurahia semina zote tulizohudhuria.

Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, ameeleza hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa aliyeshindwa kumfikia kwa kukosa nauli. Baadaye alianza kuwafunza akina nyanya wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye benchi. Hapa kwetu pia kizuizi ni nauli. Kwenda Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, na kurudi, kwa mtu asiye na kibarua, ni chakula cha siku. Kwa hiyo kamati inaomba ada ya mwaka ujao itenge fungu la nauli, la pili la kredo, na yasiguswe kwa chai ya mikutano.

Tulipokosea niseme wazi. Mwezi wa Julai zamu zilivunjika, na watu kadhaa walikaa wiki nyingi bila kuulizwa hali. Wahudumu walikuwa wamechoka. Mmoja alikuwa amebeba siri za watu watano na hakuna aliyemuuliza yeye analalaje. Kosa ni langu kama mwenyekiti. Sasa wahudumu wanakutana kila Jumamosi ya pili, wao kwa wao. Na yeyote kati yetu, akizidiwa, asione haya: namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hailipishwi.

Daftari liko mezani kwa katibu. Wiki hii watu wanne ni wa kutembelewa, na wawili hawajapangiwa mtu. Kabla ya kuondoka, naomba majina mawili.