Norfolk ina upande wa pili wa barabara

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu hoteli ya Norfolk hapa Nairobi na waandishi waliopita hapo. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo, nikidhani nimeruka ukurasa. Hoteli ilifunguliwa Krismasi ya 1904, sawa. Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alifikia hapo 1909 akienda kuwinda, sawa. Karen Blixen naye, mkulima wa kahawa wa Ngong, hakukosa. Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, ndiye usiseme. Sijasikia baa kuukuu duniani isiyodai kuwa alikunywa kwake. Lakini wote hao mmewaonyesha wakiwa barazani, wakitazama nje. Nje kulikuwa na nani?

Machi 16, 1922 kulikuwa na umati, hatua chache kutoka baraza hiyo, mbele ya kituo cha polisi alikozuiliwa Harry Thuku, karani wa simu aliyepinga kodi za wakoloni na kipande, kile kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba. Wajumbe walikuwa wametoka kwa wakubwa wa serikali wakiwasihi watu waende nyumbani, na baadhi ya wanaume walishaanza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru akajitokeza, akainua nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume waichukue, wao wampe suruali zao. Anayejua uzito wa mama kufanya hivyo mbele ya wanaume haelezwi zaidi. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga, askari wakafyatua risasi. Masimulizi yanasema hata walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walipiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine wanasema ni wengi zaidi ya hao. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Mkisema hiyo ni siasa wala si fasihi, nitawakumbusha kuwa Ngũgĩ wa Thiong'o aliliingiza tukio hilo katika riwaya yake ya 1967, A Grain of Wheat. Tena mwaka 1976, yeye na Mĩcere Gĩthae Mũgo walileta tamthilia yao kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, ambao unatazamana na hoteli hiyo hiyo. Ni kuvuka barabara tu.

Mimi nimeivuka mara nyingi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikileta wanafunzi wa kidato cha nne kutazama tamthilia za kutahiniwa. Tukisubiri mlango ufunguliwe, wanakaa ukingoni mwa barabara na mikate yao na soda, masweta wamejifunga kiunoni, macho yote kwenye yale magari yanayoingia hotelini. Nikiwauliza Harry Thuku ni nani, wananijibu ni barabara.

Sina ugomvi na Norfolk, na chai yao nimewahi kuinywa, mara moja, kwa kulipiwa. Ninachoomba ni kwamba mkirudi kuandika juu ya hoteli hiyo, mpiga picha wenu asimame ukumbini, si barazani.

Mwalimu mstaafu,
Kiambu