Msamiati wa Kiingereza usifundishwe kwa jozi za maneno

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kuhusu namna watoto wetu wanavyofundishwa msamiati wa Kiingereza, somo ambalo kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 linaanzia darasa la kwanza.

Mjukuu wangu huja nyumbani na daftari lenye safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, akariri maneno 20 kila wiki. Humo "mkono" ni "hand" na "mguu" ni "leg", basi. Nilipomshika begani na kumwuliza sehemu hiyo hadi kwenye vidole inaitwaje, alijibu "hand", wala simlaumu, kwa kuwa Kiswahili kinauita wote mkono, ilhali Kiingereza huutenga ule wa juu kwa jina la "arm". Mguu nao, kuanzia kifundo kushuka chini, ni "foot", na vidole vyake havishiriki jina na vya mkono.

Kitenzi "piga" ndicho kichekesho. Daftari linasema ni "beat", kwa hiyo mtoto akitaka kusema amepiga mswaki, amepiga pasi au amepiga simu, ataonekana mgomvi wa vyombo vya nyumbani.

Naona afadhali neno lije pamoja na kitu na sentensi fupi: mtoto aambiwe kwa Kiingereza alete ndoo, ailete, kisha yeye naye amtume mwenzake. Yako pia maneno ambayo tayari anayo mdomoni, kama shati, soksi, sketi, blanketi na baiskeli, ambayo yanahitaji kurekebishiwa matamshi tu (ingawa asidhani meza na shule zimetoka huko, maana moja ni ya Wareno na nyingine ya Wajerumani).

Linalohitaji subira zaidi ni saa. Mtoto anayeingia darasani saa moja asubuhi huandika "one o'clock", kwa sababu sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko na Waingereza wanaanzia usiku wa manane, kisha tena adhuhuri. Badala ya kumkaririsha, mwalimu aning'inize saa ya ukutani na kumwonyesha kwamba kwa Kiingereza anasoma tarakimu ileile ambayo mshale mfupi unaielekea, yaani 7, bila kutoa sita kama tulivyozoea.

Babu wa mwanafunzi,
Temeke, Dar es Salaam