Noeli njema kutoka Lubumbashi

Ndugu zangu, bankambo na watoto, mlio hapa mjini na mliotawanyika Likasi, Kolwezi, Ndola hadi Ulaya: Noeli njema, na Bonana, Mwaka Mpya, iwakute wazima.

Huku mvua imeshika kwelikweli. Maembe watoto wameyachoka, vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, vinapimwa kwa kopo sokoni, munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, umeshapikwa unangoja kuchachuka. Bei ya kuku sitaitaja, ni sikukuu.

Mimi kila mwaka, kabla ya Noeli, huanza na tarehe 20 Desemba. Siku hiyo mwaka 1891, Bunkeya, kule ukishapita Likasi, Mwami M'siri, mfalme wa huku, alipigwa risasi na kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliokuja kutwaa Katanga kwa jina la Mfalme Léopold wa Ubelgiji. M'siri alikuwa amekataa bendera yao. Bodson naye hakutoka pale mzima.

Watoto wanashangaa wakiambiwa kwamba mwami huyo hakuzaliwa huku. Jina lake Ngelengwa, Msumbwa wa Unyamwezi, magharibi ya Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa akija hadi huku kufuata shaba. Mwana akaifuata njia ya baba, akakaa, akajenga ufalme wa Garenganze. Waliokuja naye ndio Bayeke, na jina hilo kwao lilikuwa la chama cha wawindaji wa tembo. Leo wengi wao nyumbani wanasema Kisanga, lugha ya Basanga waliowakuta huku, au Kiswahili.

Shaba yenyewe walikuta inayeyushwa zamani. Basanga walingoja mtama uvunwe, kiangazi kiingie, ndipo wakapanda kuchimba lile jiwe la kijani lenye shaba, malakite. Tanuru ni udongo wa kichuguu, moto ni mkaa na mivukuto, na shaba ikiiva inamiminwa kuwa misalaba. Kwenye makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1957, marehemu walikutwa wamezikwa na misalaba ya namna hiyo. Kwa hiyo msalaba ulikuwa Katanga kabla padri wa kwanza hajafika, ila wa kwetu ulilipa mahari.

Shaba na pembe zilikwenda mashariki, na kutoka huko yakaja makombe, yaani maganda ya Bahari ya Hindi, yaliyokatwa mviringo, nao wakubwa wakayavaa kama alama ya cheo. Hebu fikirini: ganda la pwani kifuani mwa mtu wa Bunkeya ambaye bahari hajawahi kuiona! Na Kiswahili kilipita njia hiyohiyo. Baadaye mji wetu wa Lubumbashi ulipoanzishwa mwaka 1910 na migodi ikaita watu wa Kasai, wa Rwanda na wa ng'ambo ya mpaka wa Rhodesia, Zambia ya leo, kikawa lugha ya wote, nasi tukakikoroga tunavyojua wenyewe.

Sisemi haya ili kumpamba M'siri. Aliuza watu, na Basanga walipomwasi mwaka huohuo wa 1891 hawakumwonea.

Nayasema kwa sababu ya sufuria moja. Mwaka 1992 tulikuwa tunakaa Likasi, nami bado mdogo. Watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapahapa, wakalala kituo cha gari-moshi wakingoja treni. Jirani zetu waliondoka usiku. Asubuhi mama aliingia kwao akakuta sufuria ya sombe, majani ya muhogo, juu ya mbabula, jiko la makaa, makaa yamezimika. Aliisugua, akaitunza. Tangu hapo nikisikia mtu anauliza mwenyeji wa Katanga ni nani, naiona ile sufuria, halafu namkumbuka yule Msumbwa ambaye leo tunamwita mwami wetu bila kumuuliza alitoka wapi.

Juma lililopita mtoto wa jirani wale amepiga simu kutoka Mbujimayi, kule Kasai. Sasa ni baba wa watoto wanne, sauti ni ya baba yake mtupu. Anakuja Noeli na mke wake, na hawajui barabara itakuwaje na mvua hii. Nimemwambia aje hata akifika tarehe 27, bukari, ugali wetu, haitakosa.

Sufuria ipo. Mama ameshaitoa kabatini, na sombe ataipika humo mwenyewe, hataki msaada wa mtu.

Noeli njema tena kwenu wote. Wa karibu, pitieni. Kiti kikikosa, tutakaa kwenye mkeka.