Simu haijaganda

Montreal, Jumapili usiku

Shoga yangu Salma,

Hujambo? Za Unguja? Sisi wazima, ila baridi tu ndiyo inatutesa. Uliniuliza kama nimeshakwenda kutazama baleti tangu nihamie huku. Bei ya tiketi niliiona, nikarudi zangu nyumbani. Lakini jana nimeitazama jikoni, kwenye simu, bila kutoa hata senti.

Ni filamu ya kama dakika 10, Ballet Adagio. Norman McLaren aliitengeneza mwaka 1972 akiwa na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada. Wachezaji ni wawili tu, David na Anna Marie Holmes, mtu na mkewe. Mchezo wenyewe ulitungwa na Mrusi, Asaf Messerer, na jina la mchezo huo lahusu maji yanayotiririka theluji ikiyeyuka. Jukwaani huenda mbio, hujakaa vizuri umekwisha. McLaren kaupunguza kasi mpaka mwanangu akachungulia: “Mama, simu imeganda?”

Utamu uko hapo hapo. Yule dada akijirusha kwa mwenziwe, hafiki leo wala kesho. Unaiona mikono ya mwanamume ikifunguka mapema kumpokea, mapaja yakijikaza kubeba uzito. Kumbe ule wepesi tunaoushangilia ni kazi ya kuli! Wengi husifu zaidi filamu yake ya 1968, Pas de deux, ambamo mchezaji akisogea huacha nyuma msururu wa vivuli vyake, vyeupe kwenye giza. Nzuri, sikatai. Ila ile huiyeyusha miili ikawa nuru, na mimi nilitaka kuona jasho.

Sasa nakuja kwako, mpiga fidla. Mchezo ule huchezwa kwa muziki wa Rachmaninoff, mtunzi wa Kirusi. McLaren akauweka kando, akatia ile Adagio, muziki wa polepole wa fidla na kinanda, iitwayo ya Albinoni, mtunzi wa Italia. Iitwayo, maana Albinoni alifariki 1751, na muziki huu ulichapishwa 1958 na Remo Giazotto, ambaye ndiye aliyeutunga hasa. Mwenyewe naona unalia kupita kiasi. Wale wawili hawana msiba wowote. Usikilize kwanza umefumba macho, ndipo utazame, kisha unitumie sauti uniambie. Ukisema nimekosea nitakubali, sikio lako nalijua.

Mama nisalimie sana. Mwambie kanga zimefika, ile ya zambarau mwanangu ameshaninyang’anya.

Wako,
Mwanaidi