Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tupeni dawa za presha za miezi mitatu

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu na heshima zote zinazostahili cheo chako.

YAH: UZEMBE WA WAGONJWA WA PRESHA

Tulikuona kwenye maadhimisho ukipimwa presha hadharani. Ulikuwa umesimama, unaongea na waandishi wa habari, mkanda wa mashine umefungwa juu ya mkono wa koti. Ikatangazwa 118/76, watu wakapiga makofi. Hongera sana. Ila kipimo kile hakina thamani yoyote, na wauguzi waliokuzunguka wanalijua hilo kuliko sisi. Sema nani atamwambia Waziri avue koti? Mtu anapimwa presha akiwa amekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, nyayo ziko sakafuni, miguu haijapishana, kibofu hakijajaa, na ndani ya nusu saa hajanywa kahawa wala kuvuta sigara. Mkanda unakaa juu ya ngozi, mkono ukiwa usawa wa moyo. Anapimwa angalau mara mbili, kwa kupumzika dakika moja katikati. Na mkanda uwe saizi ya mkono: ule wa kawaida mara nyingi mwisho wake ni mkono wenye mzunguko wa sentimita 32 hivi. Ukimfunga mwenye mkono mnene, namba ya juu inapanda kwa uongo, na kwa mikono minene kupita kiasi inaweza kuzidi kwa karibu pointi 20. Vituo vingi vina mkanda mmoja tu. Hilo nalo lina barua yake.

Koti tungelisamehe. Kilichotushinda ni kauli iliyofuata, kwamba presha inaua kwa sababu wagonjwa ni wazembe, wanaanza dawa kisha wanaziacha.

Mheshimiwa, tunaziachaje dawa ambazo hazipo?

Mgonjwa aliyeandikiwa amlodipine miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku, anahitaji vidonge 30 kwa mwezi. Anapewa 14. Akirudi baada ya wiki mbili anaambiwa stoo imeisha, apite wiki ijayo. Kila safari ni nauli na siku ya kazi, na ni foleni ya kuanzia alfajiri kwa mtu ambaye hasikii maumivu yoyote. Presha haiumi, ndiyo hatari yake. Amlodipine yenyewe inatoka mwilini polepole. Nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kupungua, kwa hiyo aliyekatiza dawa anajiona mzima siku kadhaa huku namba zinapanda. Mwenye atenolol, dawa nyingine ya presha, hana hata hiyo nafuu. Dawa hiyo ikikatizwa ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na presha ikaruka, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio.

Ndipo watu wanapobuni mbinu. Wengine wanameza siku moja na kuruka siku moja, au mume na mke wanagawana pakiti moja. Wapo pia wanaokata katikati vidonge vya nifedipine vile vya kutoa dawa polepole, ambavyo havikatwi wala havitafunwi, maana dawa iliyopangwa kutoka kwa saa nyingi inamwagika mwilini kwa mkupuo. Huo ndio uzembe uliouona, Mheshimiwa. Ni hesabu ya mtu mwenye vidonge 14 na siku 30.

Umesema pia kwamba wafadhili wametukimbia. Ni kweli, Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na wenye VVU, kifua kikuu na malaria waliumia mno, hatutalibeza hilo. Lakini dawa za presha kwa sehemu kubwa zilikuwa zikinunuliwa kwa fedha za serikali na mfuko wa mgonjwa mwenyewe. Rafu zilikuwa tupu kabla ya Washington kubadili rais. Na hizi si dawa ambazo kampuni moja tu ina haki ya kuzitengeneza: amlodipine, losartan na hydrochlorothiazide zote zinatengenezwa na viwanda vingi, tena ni za bei ya chini.

Tunavyoshuku sisi, ugonjwa uko kwenye maoteo, yaani makadirio ya dawa zitakazohitajika. Kituo kinaagiza kwa kuangalia kilichotumika. Chukua kituo kilichotoa vidonge 6,000 katika miezi sita, lakini miezi mitatu kati ya hiyo stoo ilikuwa tupu. Karani anagawanya kwa sita, anaandika 1,000 kwa mwezi. Alipaswa kugawanya kwa miezi mitatu ambayo dawa ilikuwepo, apate 2,000. Kwa hiyo agizo linalofuata ni nusu ya mahitaji, dawa inaisha mapema zaidi, na takwimu za matumizi zinashuka tena. Upungufu unajizalia upungufu, na kwenye karatasi unaonekana kama wagonjwa wamepungua! Ongeza na hili: daktari akimpandisha mgonjwa hadi miligramu 10 na stoo ina za 5 tu, anakula viwili kwa siku. Nani anayahesabu hayo? Huenda wapo wanaofaidika na rafu tupu, maduka ya dawa hayapo mbali na geti. Ushahidi hatuna, lakini macho tunayo.

Tukukumbushe ahadi, kwa heshima. Mwaka 2013, kwenye Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva, nchi zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 dawa muhimu za magonjwa yasiyoambukiza zipatikane kwa asilimia 80 katika vituo vya umma na vya binafsi. Asilimia 80. Mwaka 2025 umepita, Mheshimiwa, au kalenda ya wizara ni nyingine?

Tunachoomba ni kimoja. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia chini ya 140/90 apewe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, vidonge 90. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema anayeanza dawa au kubadilishiwa aonwe kila mwezi hadi atulie, na aliyetulia aonwe kila miezi mitatu hadi sita. Sasa kwa nini aliyetulia apange foleni kila wiki mbili? Wenye VVU waliotulia wanapewa ARV za miezi mitatu, hata sita, katika nchi nyingi; utaratibu huo haukubuniwa jana. Foleni ikipungua, muuguzi naye atapata zile dakika tano za kumkalisha mtu kabla ya kumpima.

Utaambiwa haiwezekani kwa sababu stoo haina. Kituo chenye wagonjwa 300 waliotulia, kidonge kimoja kwa siku, kinahitaji vidonge 27,000 kwa miezi mitatu, na juu yake akiba. Hiyo ndiyo namba ya kuagiza. Msitupe 14 ili rafu ionekane bado ina kitu siku ya ukaguzi.

Waraka wa ukurasa mmoja wenye sahihi yako unatosha: vidonge 90 kwa aliyetulia, na maoteo yahesabu miezi ambayo dawa ilikuwepo tu. Vidonge 90, Mheshimiwa. Hata mkanda wa mikono minene tutausubiri.

Ni sisi,
wazembe wenye madaftari ya presha